Kuzama au Kuzamishwa? Lugha, Pwani na Kupanda kwa Usawa wa Bahari

1.0 Utangulizi

Baharini, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Pangani, kulikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na miti, na kasa walikwenda huko kutaga mayai kwa wingi, hata mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imetoweka. Kilichosalia ni fungu la mchanga mweupe, ambalo huonekana maji yanapopwa na hufunikwa yanapojaa. Kasa waliendelea kurudi na kutaga palepale, ingawa mayai yanayofunikwa na maji ya chumvi hayaanguliki. Ndiyo maana wahifadhi wamekuwa wakiyahamishia kwenye fukwe za bara.

Jambo hili husimuliwa kwa sentensi moja fupi: kisiwa kilizama. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Kimaana, hata hivyo, ina pengo. Kitenzi "zama" hakidai mtenda. Jiwe huzama, jua huzama, jahazi huzama, na msikilizaji haulizi nani aliyezamisha. Lakini miongoni mwa sababu kuu zinazotajwa kuhusu kutoweka kwa Maziwe ni kukatwa kwa miti iliyokuwa ikiushikilia mchanga wake. Kabla kisiwa hakijazama, ilitangulia kazi ya shoka. Swali linalozuka basi ni hili: je, Maziwe ilizama au ilizamishwa?

Mhadhara huu unalipanua swali hilo hadi kwenye pwani nzima ya Waswahili. Unafafanua namna usawa wa bahari unavyopanda na kwa nini baadhi ya jamii za pwani hudhurika zaidi kuliko nyingine, na wakati huohuo unayachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kulieleza jambo hilo. Hoja yake ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Namna madhara yanavyotajwa ndiyo inayoamua kama matendo ya watu yaliyoyaleta yataonekana au yatafichika, na kwa hiyo kama yataweza kurekebishwa.

2.0 Kina, Usawa na Ukingo

Katika vyombo vya habari na katika nyaraka za serikali, istilahi inayotumika mara nyingi ni "kuongezeka kwa kina cha bahari". Istilahi nyingine ni "kupanda kwa usawa wa bahari". Aghalabu huchukuliwa kuwa ni visawe, ilhali kila moja inaitazama bahari kutoka mahali pake.

Kina ni neno la baharia. Hupimwa kutoka juu kwenda chini, kwa bildi na kwa pima, na shabaha yake ni kujua kama chombo kitapita bila kugusa mwamba. Kwa mwenye jahazi, kuongezeka kwa kina si balaa. Huenda likawa jambo la heri. Usawa ni neno la mpimaji wa nchi. Ndilo litumikalo inaposemwa kuwa mji fulani uko mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. Mpimaji huutazama uso wa maji kama mstari wa sifuri ambao kwao urefu wa nchi huhesabiwa. Lakini mkazi wa kijiji cha pwani, mwenye nyumba, kisima na makaburi ya wazee wake, hana haja kubwa na kina wala na usawa. Swali lake ni moja: maji yanafika wapi? Neno lake ni ukingo.

Kuhusu usawa, vipimo vipo. Tathmini ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi iliyotolewa mwaka 2021 inaonesha kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Mwendo wenyewe umekuwa ukiongezeka. Kati ya 1901 na 1971 ulikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ulifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, maji yakipata joto hutanuka, na bahari ndiyo iliyomeza sehemu kubwa mno ya joto lililoongezeka duniani. Kutanuka huko peke yake kulileta karibu nusu ya kupanda kote kulikotokea tangu 1971. Pili, barafu ya milimani pamoja na mabamba makubwa ya barafu ya Greenland na Antaktiki huyeyuka na kumiminika baharini. Ifikapo mwaka 2100, kwa kulinganisha na kipindi cha 1995 hadi 2014, tathmini hiyo inakadiria kupanda kwa sentimita 28 hadi 55 endapo gesi zinazoongeza joto zitapunguzwa kwa kiasi kikubwa na mapema, na sentimita 63 hadi 101 endapo zitaendelea kuongezeka kwa wingi.

Hizo ni hesabu za usawa. Hesabu ya ukingo ni nyingine, nayo hutegemea mteremko wa nchi. Ikiwa ufuo unapanda mita 1 kwa kila mita 100 za kwenda bara, basi maji yakipanda nusu mita, ukingo husogea mita 50. Mahali penye jabali lililosimama wima, nusu mita hiyohiyo haiusogezi ukingo hata hatua moja. Kwa hiyo istilahi inayotaja kina au usawa hutaja jambo lililo karibu sawa kila mahali, na huacha bila kutajwa jambo linalotofautiana kati ya kijiji na kijiji. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

3.0 Pwani ni Mahali Panapopwa

Lugha yenyewe inatambua kwamba ukingo hautulii. Jina "Kiswahili" linatokana na neno la Kiarabu "sawahil", wingi wa "sahil", yaani ukingo wa bahari. Neno la Kibantu lililo sambamba nalo ni "pwani", ambalo lina mzizi "-pwa" na kiambishi cha mahali "-ni". Pwani ni mahali maji yanapopwa. Neno hili halikitaji kipande cha nchi kilichotulia, bali linataja tendo linalorudiwa mara mbili kila siku.

Kutokana na tendo hilo jamii za pwani zimejenga msamiati mpana. Yapo maji kujaa na maji kupwa. Lipo bamvua, ambalo huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati maji yanapojaa mno na kupwa mno; na yapo maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, wakati mwendo wa maji unapokuwa mdogo. Mvuvi huihesabu siku ya mwezi ili ajue saa ya kutoka. Wanawake wanaotafuta pweza na chaza miambani husubiri kupwa kwa bamvua, na wakulima wa mwani wa Unguja, ambako kilimo hicho kilianza kwa biashara mwaka 1989, hupanga kazi yao kwa kalenda hiyohiyo. Huko Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4.

Hapa pana swali linalostahili kujibiwa. Watu waliozoea bahari inayopanda na kushuka mita 4 kwa siku moja wana sababu gani ya kuhofia sentimita 20 zilizopatikana kwa zaidi ya miaka mia moja?

Jibu liko katika namna makazi yalivyopangwa. Hakuna aliyejenga nyumba kwa kufuata wastani wa bahari. Nyumba, visima na makaburi viliwekwa nyuma kidogo ya mahali ambapo bamvua kubwa kabisa, likisukumwa na upepo, lilijulikana kufika. Nafasi iliyoachwa kati ya bamvua hilo na kizingiti cha mlango ndiyo akiba ya usalama, na kwenye fukwe nyingi akiba hiyo haikuwa kubwa. Sentimita 20 haziongezwi katikati ya zile mita 4, mahali ambapo hakuna mtu aishiye. Huongezwa juu kabisa, palepale penye akiba. Mahali palipokuwa pakifikiwa na maji mara moja katika miaka mingi panaanza kufikiwa mara kwa mara, na bamvua la kawaida linafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na bamvua la nadra.

Pana tofauti nyingine ambayo msamiati wa zamani haukuwa na haja ya kuitaja. Kila mwendo wa maji uliopewa jina na wazee una marejeo: yajaayo hupwa, na bamvua hufuatwa na maji mafu. Kupanda kwa usawa wa bahari ni kujaa kusikokuwa na kupwa kwake, angalau kwa karne nyingi zijazo. Hata joto la hewa likizuiwa lisizidi, vilindi vya bahari vitaendelea kupata joto na barafu itaendelea kuyeyuka. Mtu aliyelelewa katika maarifa ya kupwa na kujaa ana sababu nzuri ya kungoja maji yarudi, na kungoja huko ni sehemu ya hatari.

4.0 Kudhurika na Kudhuriwa

Wataalamu wa tabianchi hutofautisha mambo matatu: tukio lenyewe linaloweza kuleta madhara, kuwepo kwa watu na mali mahali tukio linapoweza kufika, na hali inayowafanya watu hao wadhurike kwa wepesi. Madhara hutokea pale mambo hayo matatu yanapokutana. Katika Kiswahili jambo la kwanza limepata neno "hatari" bila taabu. La tatu limesumbua. Baadhi ya wafasiri hutumia "udhaifu", neno linaloelekea kuwalaumu watu wenyewe. Wengine hutumia "uathirikaji" au "urahisi wa kudhurika".

Istilahi hizo mbili za mwisho zimejengwa juu ya kauli ya kutendeka. Wanaisimu wanaifahamu vyema tabia ya kauli hiyo. "Kikombe kimevunjwa na mtoto" ni sentensi ya kawaida; "kikombe kimevunjika" hufunga mlango kwa mtenda. Kauli ya kutendwa inaweza kumtaja mtenda hata kama hakutajwa, ilhali kauli ya kutendeka humwondoa katika picha na kubakisha hali tu. Ndiyo maana mtoto huipenda anapoulizwa kuhusu kikombe.

Inaposemwa kwamba jamii za pwani zinaathirika, zinadhurika, fukwe zinamomonyoka na visima vinaharibika, mnyambuliko umekwisha kufanya uamuzi kabla ya uchunguzi kuanza. Kauli hiyo si ya uongo. Bahari inapanda kweli, wala haimpandii mtu kwa makusudi. Hata hivyo, joto linaloitanua lina chanzo katika uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu kubwa ya uchomaji huo haikufanyika Lamu, Kilwa wala Pemba. Watenda wa mbali wapo, hata kama sentensi haina nafasi yao. Watenda wa karibu nao wapo, na sehemu ifuatayo inawatazama hao.

5.0 Kinga za Ufuo na Waliozigusa

Ufuo wa Afrika Mashariki una kinga tatu za asili: matumbawe, mikoko na mchanga. Mahali kinga hizo zilipo imara, bahari hupanda mbele ya nchi inayojitetea. Zilipoondolewa, bahari hiyohiyo huikuta nchi iko uchi.

Kinga ya kwanza ni miamba ya matumbawe, ambayo huvunja sehemu kubwa ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Tumbawe ni kiumbe hai. Likiwa na afya linaweza kukua kwenda juu kwa kufuata maji yanayopanda, na likifa mwamba hubomoka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na joto kama hilo limerudi mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2016 na 2024. Juu ya hayo, uvuvi wa baruti uliofanyika kwa miaka mingi katika pwani ya Tanzania Bara, pamoja na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya mawe na chokaa, uliiharibu miamba ambayo joto lilikuwa bado halijaifikia.

Kinga ya pili ni mikoko. Hapa lugha ina utajiri ambao msomi hana budi kuuthamini. Neno "mikoko" kwa msitu mzima ni la jumla tu; mkata miti na fundi wa vyombo hutofautisha mlilana, mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi na msikundazi. Orodha hiyo inakaribia kuwa ramani. Mlilana husimama upande wa bahari na kupokea mawimbi, na mti wake hufaa kwa mataruma ya vyombo. Mkoko hushika kingo za mikondo kwa mizizi yake ya magongo. Msinzi na mkandaa hufuata nyuma yake. Mchu huvumilia sehemu za juu zenye chumvi kali, na msikundazi hupendelea mahali maji ya mto yanapopunguza chumvi. Ajuaye majina haya na mahali pa kila mti anaweza kuona mabadiliko mapema: mti wa chumvi ukianza kuota mahali pa mti wa maji baridi, bahari imekwisha kupiga hodi.

Msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Tanzania uko katika delta ya Rufiji, nao una eneo la takriban hekta 53,000. Kwa karne nyingi boriti za Rufiji na Lamu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba ya Uajemi na Uarabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za kale kotekote huko ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Katika delta ya Rufiji sehemu za msitu zilisafishwa pia kwa kilimo cha mpunga. Wakulima hao walikuwa wakitafuta chakula, na si haki kuwatwika mzigo wote. Mikoko husimama juu ya tope, na tope huletwa na mto kutoka bara. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi Desemba 2022 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, linalipa taifa nishati linayoihitaji. Lakini kila bwawa hunasa mchanga na tope nyuma ya ukuta wake. Delta isiyopata tope jipya hushuka polepole, na mahali nchi inaposhuka huku bahari ikipanda, ukingo husogea kwa kasi ya vitu viwili.

Kinga ya tatu ni mchanga wenyewe. Ufuo hupoteza mchanga msimu mmoja na kuupata tena msimu mwingine, kadiri kaskazi na kusi zinavyopokezana. Hesabu hiyo husawazika ikiwa mito inaendelea kuleta mchanga mpya. Kaskazini mwa Dar es Salaam, katika eneo la Kunduchi, mchanga wa vijito viingiavyo baharini ulichimbwa kwa wingi kwa ajili ya ujenzi wa jiji. Ufuo ulikonda, majengo yalibomolewa na mawimbi, na hoteli moja iliyojengwa karibu na maji ililazimika kuachwa. Wenye majengo waliobaki walijenga vizuizi vya mawe mbele ya viwanja vyao. Kizuizi cha namna hiyo hunasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, hivyo jirani naye akalazimika kujenga chake. Dar es Salaam, ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya milioni 5.3, imejengwa kwa sehemu kwa mchanga uliokuwa ukiilinda.

6.0 Maji Yanayopita Chini

Ukingo unaoonekana si ukingo pekee. Chini ya ardhi upo mwingine, kati ya maji baridi na maji ya chumvi, nao husogea bila kelele.

Katika visiwa na katika fukwe za mchanga au za mawe ya matumbawe, maji ya mvua huzama ardhini na kuelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni ijulikanayo na wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Uwiano huo una maana ya kutisha. Mahali maji baridi yaliposimama kwa kimo kidogo, kupungua kwa sentimita 10 tu upande wa juu, kwa sababu ya kuvutwa na pampu au kwa uhaba wa mvua, huweza kupunguza mita 4 upande wa chini. Bahari ikipanda, na visima vikizidi kuchimbwa, chumvi hupanda kutoka chini.

Bagamoyo ni mfano mmojawapo. Sehemu kadhaa za wilaya hiyo visima vimeingia chumvi hata imebidi kutafuta maji mbali zaidi au kuvuna ya mvua. Huko Pemba, wakulima wa Kisiwa Panza wameshuhudia maji ya bahari yakiingia katika mashamba ya mpunga. Shamba lililoingiwa na chumvi halirudi kwa mvua ya msimu mmoja. Halihesabiki kuwa limezama, kwa sababu bado ni nchi kavu na jina lake bado linatajwa, ila halilimiki. Hapa tena kauli ya kutendeka inafanya kazi yake: shamba "halilimiki", na hakuna anayeulizwa.

7.0 Ukuta na Mstari wa Mita 60

Jibu la kwanza la serikali na wafadhili limekuwa ukuta. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta mpya wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, badala ya ule wa zamani uliokuwa umebomoka. Kilwa Kisiwani, ambako Gereza lililo ufuoni lilikuwa likiliwa na mawimbi, mawe yalipangwa na mikoko ikapandwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliyowekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 yaliondolewa humo mwaka 2014. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pwani hii methali hiyo imeacha kuwa ya mafumbo.

Ukuta hulinda mahali palipochaguliwa. Hulinda barabara, ikulu, ngome na hoteli, kwa sababu vitu hivyo vina thamani inayoandikika. Haiwezekani kujenga ukuta mbele ya kila kijiji kutoka Kiunga hadi Msimbati, na hata ingewezekana, ukuta hukata njia ya mikoko kurudi nyuma maji yanapopanda, hivyo msitu hubanwa kati ya bahari na zege mpaka ukafa.

Jibu la pili ni la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nia yake ni njema. Lakini mstari wa mita 60 huhesabiwa kutoka kwenye ukingo, na ukingo, kama ilivyoelezwa, unasogea. Katika ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa mita 100, kupanda kwa nusu mita huusogeza mstari huo mita 50 kuelekea bara. Nyumba iliyojengwa mita 100 kutoka majini, kwa kufuata sheria barabara, itajikuta ndani ya eneo lililokatazwa bila mwenyewe kuisogeza hata tofali moja. Je, wakati huo itasemwa kwamba amevamia ufuo, au kwamba ufuo umemvamia? Mwenye kibali na hati ataweza kujitetea mahakamani. Mwenye kurithi kiwanja kwa maneno ya wazee, ambaye ushahidi wake ni mnazi uliopandwa na babu na sasa umekwisha kuanguka baharini, atajitetea kwa nini? Swali hili si la wakati ujao wa mbali, kwa kuwa minazi ya namna hiyo imekwisha kuanza kuanguka.

8.0 Hitimisho

Yaliyojadiliwa hapa yanaonesha kwamba jamii za pwani hazikabiliwi na bahari moja. Kiwango cha kupanda kwa maji hakitofautiani sana kati ya Lamu na Mtwara, lakini madhara yake hutofautiana kwa kadiri ya mteremko, matumbawe, mikoko, mchanga, kisima na hati ya kiwanja. Isipokuwa mteremko, vyote hivyo vimeguswa na mikono ya watu. Na kilichoguswa na mkono kinaweza kulindwa na mkono. Hiyo ndiyo tofauti ya kivitendo kati ya "kuzama" na "kuzamishwa". Neno la kwanza huacha nafasi ya masikitiko peke yake. La pili huuliza ni nani, kwa kitu gani, na kwa faida ya nani, na majibu yake yanaweza kuandikwa katika mpango wa kijiji, katika sheria na katika madai ya fidia.

Wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wanayo kazi ya namna mbili katika jambo hili. Ya kwanza ni ya istilahi: kuhakikisha kwamba maneno yanayosanifiwa kwa ajili ya tabianchi yanamruhusu mkazi wa pwani kusema kilichomfika na kumtaja aliyehusika, badala ya kumpa misamiati ya hali tupu. Ya pili ni ya ukusanyaji. Vipimo vya kudumu vya usawa wa bahari katika bandari za Unguja na Mombasa vilianza miaka ya 1980 tu. Kabla ya hapo kumbukumbu ya ukingo imo katika ndimi za wavuvi, wakata boriti na wanawake wa kupwa: bamvua la mwaka fulani lilifika kwenye mti gani, kisima kipi kilikuwa na maji matamu, fungu lipi lilikuwa kisiwa. Maarifa hayo yakikusanywa kwa uangalifu, pamoja na mahali na wakati wake, yatakuwa ushahidi wa kisayansi na pia wa kisheria kwa watu wasio na hati.

Kazi hiyo ina muda maalumu, kwa kuwa neno huishi kidogo tu baada ya kitu linachokitaja. Vijana wa Pangani wanalijua jina la Maziwe, nao wakienda huko huwapeleka wageni kutazama samaki na mchanga. Wazee waliowahi kukaa chini ya kivuli cha miti ya kisiwa hicho bado wanaweza kuulizwa ilikuwa miti gani, na nani aliikata.